Kioo cha simu kimepasuka: lini ushike bisibisi mwenyewe, lini umpelekee fundi

Dada yangu aliniletea simu yake Alhamisi jioni. Kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia kona ya juu hadi katikati, lakini picha ilikuwa safi na tachi ilikubali kila mahali. Fundi mmoja wa Kariakoo alishamtajia elfu sabini kubadilisha kioo cha juu. Mimi miezi michache nyuma nilikuwa nimebadilisha kioo cha simu yangu, mezani kwangu, na ikakubali vizuri kabisa. Nikamwambia, "Dada, hiyo hela kaa nayo. Niachie mimi."

Kufika saa nne usiku nilikuwa nimeiua picha yote. Ndani ya simu ile kulikuwa na hesabu za kikoba cha akina mama 22, na kikao kilikuwa Jumamosi.

Tangu siku hiyo, ndugu na majirani wakiniuliza kama wanaweza kujibadilishia kioo wenyewe, siwaulizi kama wana mikono myepesi. Nawauliza simu ni ya aina gani, kilichokufa ni kitu gani, na ndani yake mna nini.

Tunaposema "kioo" tunachanganya vitu vitatu. Kuna kioo cha juu, hicho kinachoguswa na kidole. Kuna tachi, inayosikia kidole kimegusa wapi. Chini kabisa kuna kioo cha picha, ambacho mitaani wengi wanakiita LCD hata kama simu yenyewe ni ya OLED. Hizo ni aina mbili tofauti: LCD huangazwa na taa iliyo nyuma yake, na OLED kila nukta yake inawaka yenyewe. Kwenye simu nyingi za siku hizi vitu hivi vimegandishwa kwa gundi angavu, bila nafasi hata ya kupitisha unywele. Ndiyo maana dukani utauziwa "kioo kamili", chenye vyote vitatu, au "kioo cha juu" peke yake kwa bei ya kutamanisha. Bei hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kabla hujaamua lolote, ipime simu. Shika aikoni moja uiburute polepole kutoka kona hadi kona, kama unapiga deki. Ikikuponyoka mahali palepale kila mara, tachi imekufa hapo. Fungua picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Ukiona doa jeusi linalozidi kutambaa siku hadi siku, au mistari ya rangi, kioo cha picha kimeumia. Simu ikijibonyeza yenyewe, usingoje kesho: toa laini uiweke kwenye kiswaswadu, ile simu ndogo ya vitufe. Huduma za pesa za kwenye laini zitaendelea kufanya kazi kwa menyu ileile ya namba, na hakuna kidole cha kishetani kitakachokuhamishia hela.

Kama vyote viko sawa na ni ufa tu, huna haraka. Futa vumbi la kioo, bandika protekta juu yake ili vipande visikukate dole gumba na jasho lisipenye ndani, halafu jichange taratibu. Simu ya namna hii ndiyo inayomvuta mtu aifungue, kwa kuwa uharibifu unaonekana mdogo. Mimi naona ndiyo ya kuogopwa kuliko zote.

Acha nieleze kwanza ile iliyokubali. Ilikuwa Tecno ya zamani, ya LCD, tachi imekufa nusu nzima. Kioo kamili nilinunua elfu arobaini na tano, kiseti cha bisibisi elfu nane, na gundi ya B-7000 elfu tatu. Simu yenyewe hata ingekuwa nzima nisingepata laki kwa kuiuza, na picha zangu zote nilishazihamishia kwenye kompyuta. Nilizitoaje wakati tachi imekufa? Nilichomeka mausi ya kompyuta kwenye simu kwa kutumia adapta ya OTG, kile kipachiko kidogo kinachounganisha waya wa USB kwenye tundu la chaji la simu. Mshale ukatokea kwenye kioo, nikaendesha simu kwa mausi kama kompyuta. Kama picha yako bado inaonekana, fanya hivyo kwanza, kabla ya jambo lolote lingine.

Niliacha chaji ishuke chini ya robo, nikazima. Betri ya lithiamu ukiitoboa inaweza kuwaka, na iliyojaa chaji inawaka kwa hasira zaidi. Kama betri yako imeanza kuvimba, mfuniko umenyanyuka, simulizi yangu isikupe moyo: mpelekee fundi.

Mfuniko wa nyuma niliufungua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Simu ile alama ya kidole iko nyuma, na kuna utepe mwembamba, mafundi wanauita fleksi, unaounganisha mfuniko na bodi. Ukivuta kwa pupa unaukata. Nilifungua upande mmoja tu, kama mtu anayechungulia barua ya mwenzake, nikauona, nikauchomoa kwa ukucha. Skrubu nilizibandika kwa selotepu kwenye karatasi niliyochora umbo la simu, kila moja mahali pake, maana hazilingani urefu, na ndefu ukiikaza kwenye tundu la fupi unaweza kuumiza bodi. Kisha nikachomoa soketi ya betri kabla ya soketi ya kioo. Utaratibu huo usiuvunje. Ukichomoa au kuchomeka kioo umeme ukiwa bado unapita, unaweza kuunguza saketi ya taa ya kioo, ubaki na simu inayolia na kutetema lakini imekaa gizani.

Kazi ambayo hakuna aliyenitajia ni kusafisha fremu. Kioo cha zamani kilitoka vipande vipande baada ya kupashwa moto kwa draya ya nywele (vaa miwani, tafadhali, vipande vinaruka), na gundi ya zamani iling'ang'ania kingoni kama ukoko. Nilikwangua zaidi ya saa nzima. Punje moja ya kioo ikibaki chini ya kioo kipya, siku utakayoibana simu mfukoni itapasuka hapohapo. Halafu nikaunganisha kioo kipya bila gundi, nikawasha, nikajaribu tachi, mwanga, kamera na sauti ya kuongelea. Nilipojiridhisha ndipo nikapaka gundi, nikaifunga kwa mipira ya raba, nikailaza hadi kesho yake jioni.

Sasa ya dada. Ilikuwa ya OLED, na nilinunua kioo cha juu tu, elfu kumi na tano. Nikadhani ni kazi ileile. Nikapasha draya, nikaingiza kadi kati ya kioo na picha. Mwanzoni kilibanduka sentimita moja, mbili, nikafurahi. Kisha kwenye kona ya chini nikaona doa la zambarau, dogo kama nukta ya kalamu. Nikasimama. Doa halikusimama. Lilitandaa huku naliangalia, kama wino kwenye karatasi chepechepe, likageuka jeusi, na nusu saa baadaye kioo chote kilikuwa kiza. Simu ikaita. Huenda alikuwa mwenyekiti wa kikoba, lakini hatukuweza hata kuona anayepiga wala kupokea.

Sababu nimeielewa baadaye. Kioo cha picha cha OLED ni chembamba mno, na kikishapata tundu la kuingiza hewa na unyevu, kinakufa kuanzia hapo kwenda mbele. Mafundi wanaobadilisha kioo cha juu peke yake wanalaza simu kwenye sahani yenye joto linalopimwa, wanatenganisha kwa waya mwembamba sana, na wanagandisha kipya kwa mashine inayofyonza hewa isibaki povu. Draya na kadi ya benki havifanyi kazi hiyo. Hata Apple, walipoanza mwaka 2022 huko Marekani kuwauzia wateja vipuri wajitengenezee, walikodisha na mashine zake, na seti ilimfikia mteja kwenye masanduku mazito. Na kwa wenye iPhone: kuanzia iPhone 11, ukiweka kioo ambacho simu haikitambui, utaona ujumbe kwenye mipangilio kwamba kipuri hakijathibitishwa. Simu isiyoingiza maji nayo, ya aina yoyote, ukishaifungua nyumbani usiihesabu tena kuwa haiingizi maji.

Kwa hiyo mimi nashika bisibisi kwa simu ya LCD, ya bei ya chini, betri ikiwa nzima, kwa kioo kamili, na vilivyomo vikiwa vimeshahamishwa. Kimoja kikikosekana, napanda daladala kwenda kwa fundi.

Na kwa fundi nako kuna adabu zake. Uliza anakuwekea orijino, kopi, au kilichovuliwa kwenye simu nyingine. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Kopi ya LCD kwenye simu iliyotoka na OLED utaijua kwa weusi wake wa kijivu na chaji inayoisha haraka. Mwombe awashe kioo kabla ya kubandika, mjaribu pamoja. Namba yako ya siri iandike mwenyewe kila inapohitajika, usiiache kwenye kikaratasi. Na akikubadilishia kioo kizima, omba kile cha zamani. OLED iliyopasuka juu tu huku picha ikiwa nzima ina wanunuzi wake, wanaoitengeneza na kuiuza upya. Mkikubaliana akae nacho, basi akupunguzie bei mapema.

Ijumaa asubuhi tulirudi Kariakoo na dada, kwa fundi yuleyule. Hakunisema. Alitazama kona ile ya zambarau, akaniuliza, "Ulitumia draya?" Nikakubali. Elfu sabini ilikuwa imegeuka laki mbili na kumi kwa kioo kamili, nikalipa mimi. Aliunganisha kioo kipya bila gundi, simu ikawaka, dada akaandika namba yake ya siri na kufungua picha za daftari la kikoba, ukurasa kwa ukurasa. Kabla hajamruhusu fundi kubandika, alikaa kwenye kiti cha plastiki pale kibandani, akaomba kalamu, akaanza kunakili majina na michango yote kwenye karatasi.