Waliochujwa ni waliobaki au waliotoka? Kuhusu chuja, chekecha na ndugu zake

Leo naongelea neno moja ambalo liliniumizia mtu bila mimi kutaka. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na kikundi cha kujitolea, walioomba kujiunga wakawa wengi kuliko nafasi, basi tukakaa usiku tukapitia maombi yote na asubuhi mimi ndo nikapewa kazi ya kutuma majina kwenye grupu la WhatsApp. Nikaandika "wafuatao ndio waliochujwa, hongereni sana". Kichwani nilikuwa na picha ya chai, unachuja chai halafu chai ndiyo unakunywa, majani unatupa, si ndiyo? Haikupita dakika kumi dada aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha kashatoka kwenye grupu. Napiga simu hapokei. Alipopokea jioni sauti ilikuwa imemkwama, akaniambia "kaka, si ungeniambia pembeni tu, unanitangaza mbele za watu kwamba nimechujwa, na hongera juu". Nilimweleza, nikamwomba radhi, akarudi, ila ile sauti sijaisahau mpaka leo.

Na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Chai ikichujwa inabaki, lakini mtu akichujwa ametoka. Timu iliyochujwa imefungasha virago, mgombea aliyechujwa humuoni kwenye karatasi ya kura. Kitenzi ni kilekile ila kwenye vitu kinashika kile kizuri kinachobaki, kwenye watu kinashika yule aliyetupwa nje. Kwa hiyo kama unaandika tangazo la usaili au la shule, tafadhali sana, andika "waliopita mchujo" au "waliochaguliwa" tu, usimwache mtu anahangaika na simu mkononi hajui alie au acheke.

Tangu siku ile nikawa nafuatilia haya maneno kwa karibu, na kilichonisaidia ni kuangalia mikono inafanya nini na chombo ni kipi. Chuja ni ya vitu vya majimaji, chai, tui, juisi, chombo ni chujio au kitambaa. Chekecha ni ya vitu vikavu, una chekeche lenye matundu madogo unalitikisa, unga laini unapita chini na mabonge yanabaki juu. Roho ya neno ni kule kutikisa, ndo maana tunasema kuchekecha akili, yaani unaitikisa na kuitikisa mpaka jibu lidondoke. Hata taarifa za kwenye simu mi napenda kusema tuzichekeche kwanza kabla ya kusambaza. (Na ukisikia "nichekechee huu unga" usifikirie watoto wa chekechea, hapo ni kitenzi tu kimeongezwa mtu wa kufanyiwa.) Wengine unga wanauchunga, na ni sawa kabisa, ila ukisema "nimechunga tangu asubuhi" ukaishia hapo msikilizaji atajua ulikuwa na mbuzi, kwa hiyo taja unga.

Sasa kwenye ungo ndo kuna utamu wenyewe. Mimi nilikuwa najua kupepeta tu, nikidhani kila kazi ya ungo ni kupepeta, mpaka siku moja nimekaa na shangazi anaandaa mchele. Mwanzo alikuwa anaurusha juu na kuudaka, pumba zinapeperuka na upepo zinaangukia mbele ya miguu yake, nikasema "shangazi unapepeta vizuri". Halafu akaacha kurusha, akaanza kuuzungusha ungo taratibu, mikono yake inakwenda duara, na nikaona kwa macho yangu zile chuya ambazo hazijatoka maganda zinasogea zenyewe zinajikusanya juu katikati kama zimeitwa. Akazikwapua kwa vidole akaziweka pembeni. Nikasema tena unapepeta, akasema "hapana mwanangu, kupepeta kumeisha, hapa napembua".

Nilishtuka kwa sababu kwenye ripoti nilishaandika "upembuzi yakinifu" mara nyingi tu kabla ya mradi kuanza, na sikuwahi kujua lile neno limebeba ungo ndani yake. Pumba nyepesi upepo unaziondoa, mtu yeyote anaziona. Chuya inafanana na mchele, ina uzito karibu sawa, kuitoa kunataka utulivu na jicho. Ndo tofauti ya kupitia mambo juujuu na kuyapembua, na ukiielewa hivyo hutaandika tena "tumepembua" kwa kitu ulichokisoma dakika mbili.

Chambua nayo ipo hapohapo jirani ila haina chombo, ni vidole tu, unachukua maharage moja moja hili zima hili bovu. Mchambuzi wa mpira anafanya hivyohivyo, anachukua pasi moja anaigeuza.

Ushauri wangu kwa anayeandika, ukikwama kati ya haya maneno usikimbilie kamusi kwanza, funga macho ujiulize mikono inatikisa, inarusha, inazungusha au inaokota, kisha ujiulize huyu au hiki nilichokitaja kinabaki au kinatoka. Hilo swali la pili ndilo nililoliruka mimi.

Mwaka huu nimetuma majina tena. Nimeandika "waliopita", na kabla sijabonyeza kutuma nilimpa kwanza yule dada asome.