Mtoto katanguliza makalio? Niambie kwanza wiki ngapi

Shikamoo mkunga. Nimepiga ultrasound, kichwa cha mtoto kiko juu. Nitapasuliwa?

Marahaba. Wiki ngapi? Kila mara naletewa swali hili bila wiki, na bila wiki halina jibu. Mimba ya wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano hukaa hivyo. Ikitimia wiki 37 hubaki watatu au wanne katika mia, wengine wamejigeuza wenyewe. Picha uliyopiga wiki ya 20 ili ujue ununue nguo za rangi gani haisemi lolote kuhusu siku ya kujifungua.

Mama mkwe anasema ni kwa sababu nalala chali.

Hapana.

Nina wiki 35. Kuna bibi mtaani anakanda tumbo mpaka mtoto anageuka. Niende?

Usiende. Simdharau bibi, mikono yake huenda ina ujuzi kuliko ya vijana wengi waliotoka chuo juzi. Lakini mikono haioni kondo la nyuma limekaa wapi. Tumbo likisukumwa kwa nguvu, kondo linaweza kubanduka, damu ikavujia ndani na nje usione kitu. Kama una kovu la upasuaji, hatari ni kubwa zaidi.

Hospitalini nako mtoto hugeuzwa kwa mikono, kuanzia wiki ya 36 au 37. Tofauti ni kwamba wanapima kwanza kwa ultrasound, wanasikiliza mapigo ya moyo kabla na baada, mara nyingi wanakupa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, na chumba cha upasuaji kiko jirani. Hata hivyo hufaulu karibu nusu tu. Si kila hospitali inafanya, kwa hiyo uliza mapema. Kama damu yako ni ya grupu hasi, waambie, kuna sindano yake.

Na zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, ziache huko huko.

Wawili nimezaa kawaida, huyu wa tatu kakaa kitako. Naweza kuzalia nyumbani?

Kawaida, huenda. Nyumbani, hapana. Kichwa ndicho kikubwa na hapa kinatoka mwisho; kikikwama, dakika ni chache. Tangu utafiti mkubwa wa mwaka 2000, ulioona kisu ni salama zaidi kwa mtoto wa kitako, hospitali nyingi zilikimbilia kisu, na wakunga wenye mazoea ya uzazi huu wamepungua. Muulize daktari wako waziwazi amezalisha wangapi. Chupa ikipasuka, usingoje uchungu, nenda. Ukiona kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia kutoka, usiirudishe: piga magoti, kifua chini, makalio juu, wakupeleke hivyo hivyo.

Wangu alizaliwa kwa upasuaji, miguu inapanda hadi usoni. Ni kilema?

Hapana, ndivyo alivyokaa tumboni, itashuka. Ila nyonga zake zikaguliwe kliniki, na palipo na ultrasound apimwe akiwa na wiki sita hivi, hata kama alitolewa kwa kisu. Usimfunge kanga kuinyoosha miguu. Akishaweza kushikilia kichwa mwenyewe, mbebe mgongoni, mapaja yakiwa yametanuka.