Ni salfa ya mikorosho au ni dawa?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana saratani ya mapafu. Alipigwa mionzi ya kifua pamoja na kemo (dawa za kuua saratani), sasa anawekewa dripu ya durvalumabu kule Dar es Salaam. Miezi miwili baada ya mionzi amepata kikohozi kikavu, na akitoka uani hadi barabarani anahema. Wazee wanasema ni salfa, maana alisimamia kupuliza mikorosho. Antibayotiki za duka la dawa hazijasaidia kitu. Dripu nyingine ni wiki ijayo. Aende?
Binti, Newala

JIBU: Marahaba, binti yangu. Salfa naijua, msimu wake hata nguo zilizoanikwa hunuka. Inawasha koo na macho, lakini kwa kawaida mtu akiondoka shambani hupata nafuu. Kikohozi kikavu cha mwezi wa kwanza hadi wa sita baada ya mionzi ya kifua, tena kwa mtu aliye kwenye dawa ya kuamsha kinga kama hiyo durvalumabu, mimi nakihofia zaidi: huenda mapafu yamevimba kwa sababu ya matibabu.

Mionzi huacha sehemu ya pafu na majeraha. Durvalumabu nayo huwafungua askari wa kinga ya mwili waliokuwa wamefungwa na saratani, na wakishafunguliwa hawachagui sana. Katika utafiti wa PACIFIC wa mwaka 2017, hali hiyo ya mapafu kuvimba iliwapata takriban wagonjwa 34 kati ya 100 waliopewa dawa hiyo baada ya mionzi na kemo, na 25 kati ya 100 waliopewa dripu isiyo na dawa. Waliozidiwa vibaya walikuwa wachache, kama 3 kati ya 100 kwa kila kundi. Kwa hiyo msiichukie dawa.

Apigwe picha ya kifua, ikiwezekana CT (picha ya kina zaidi ya eksirei), na makohozi yapimwe TB. Hilo la TB nalisisitiza, kwa sababu dawa ya mapafu kuvimba hivi ni predinisoloni, nayo hutuliza kinga na kuipa TB mwanya. Akiandikiwa, dozi hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa; wengi wakipata nafuu huacha ghafla, kikohozi kikarudi. Mwambieni kila daktari, “Alipigwa mionzi ya kifua, yuko kwenye dawa ya kinga.” Akianza kuharisha sana au macho kuwa ya njano, semeni pia, maana askari wale hawachagui.

Kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kikisoma chini ya 94, au akihema akiwa ameketi, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Kuhusu dripu, mpigie daktari wake leo, kabla hamjakata tiketi ya basi. Yeye ndiye wa kuamua kama isubiri.