Salbutamoli kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni ya kasi kubwa

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi hapa Dodoma. Tuna mgonjwa wa pumu aliyepata nimonia. Yuko kwenye mashine ya oksijeni ya kasi, lita 50 kwa dakika kupitia puani. Daktari ameandika salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, kwa nebulaiza, kifaa kinachoigeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa. Je, tumvue mpira wa puani tumvalishe barakoa, au dawa ipite humohumo?

JIBU: Ipite humohumo, mradi mna nebulaiza ya wavu unaotetemeka. Mgonjwa wa lita 50 ukimvua mpira, oksijeni yake inaweza kuporomoka kabla dawa haijaanza kazi.

Wengi hukosea pa kuifunga. Huiweka karibu na pua, na hapo matone hugonga kuta za mpira mwembamba, yakawa maji yanayomdondokea mgonjwa puani. Ifungeni upande mkavu wa chupa ya unyevu, pale hewa inapoingilia, kikombe cha dawa kikiwa wima. Matone makubwa yatabaki njiani, na mgonjwa anapotoa pumzi bomba hujaa ukungu laini atakaouvuta.

Kisha shusheni kasi hadi lita 20 au 30, kwa sababu kwenye 50 dawa nyingi hupotea. Ongezeni kwanza asilimia ya oksijeni, ndipo mshushe, macho yakiwa kwenye oksimita, kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Akishindwa kuvumilia, rudisheni. Kipimo ni miligramu 2.5 hadi 5, na pumu ikiwa kali daktari huongeza ipratropiamu, dawa nyingine ya kupanua njia za hewa, miligramu 0.5. Ukungu ukiisha rudisheni kasi na asilimia ya awali mara moja. Tafadhali, hili husahaulika sana zamu zinapopokezana.

Nebulaiza ya kawaida ya kusukumwa na gesi msiiunge kwenye mashine hii: huongeza lita 6 hadi 8 na kuvuruga asilimia mliyoipanga. Barakoa yake juu ya mpira nayo haifai, ukungu hupeperushwa. Kama hamna ile ya wavu, bora inhela yenye chemba, mdomoni, mpira ukibaki puani na kasi ikiwa imeshushwa: mipulizo 4 hadi 10 ya mikrogramu 100, mmoja mmoja, mkitikisa kila mara.

Fuatilieni mapigo ya moyo na potasiamu ya damu, dozi zinapojirudia hasa. Na mluzi wa kifua ukinyamaza huku mgonjwa anasinzia, msidhani amepata nafuu. Hewa haiingii, mwiteni daktari wa usingizi hapohapo.