Maswali ya Wasomaji: Je, Bidhaa Hubeba Ujuzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, wataalamu wa uchumi hutuambia kila mara kwamba biashara ya kimataifa hueneza teknolojia kutoka nchi moja hadi nyingine. Sisi tumekuwa tukinunua vyerehani kutoka nje tangu enzi za babu zetu, lakini wengi wetu bado tunashona sare za shule barazani. Naomba unieleze ujuzi huo huvuka mpaka kwa njia gani hasa.
Msomaji, Tabora

JIBU: Wataalamu hao hawakosei, ila mara nyingi husimulia nusu ya habari. Cherehani hufika na uwezo wa kushona. Haifiki na maarifa ya kuwapanga washonaji sitini katika mstari mmoja, ili kitambaa kilichokatwa kiingie upande huu na shati lililopigwa pasi litoke upande ule, wala haifiki na ustadi wa kuandaa hati ambazo benki ya mnunuzi wa New York itazikubali. Maarifa hayo hukaa vichwani mwa watu, na biashara huyaeneza pale tu inapowakutanisha watu hao kazini kwa muda wa kutosha. Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi ni cha Bangladesh.

Katika miaka ya 1970 nchi hiyo ilijulikana sokoni kwa zao la juti, na mashati yake hayakuwa na jina popote. Korea Kusini, kwa upande wake, ilikuwa na viwanda vikubwa vya nguo, lakini makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1974 yaliziruhusu nchi tajiri kuweka ukomo wa kiasi cha nguo ambacho zingepokea kutoka kwa kila nchi. Kampuni ya Daewoo ya Korea ikaanza kutafuta mahali ambapo bado hapajabanwa na ukomo huo, ikampata Noorul Quader, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali na ambaye alikuwa akianzisha kampuni ya Desh Garments mjini Chittagong, Bangladesh. Walikubaliana kwamba Daewoo ifundishe na itafute wanunuzi, nayo Desh ilipe asilimia 8 ya mauzo kama mrabaha na kamisheni. Hisani haikuwamo. Mwaka 1979 wafanyakazi 130 wa Desh walipelekwa katika kiwanda cha Daewoo huko Pusan, Korea Kusini, kwa miezi sita, na mwaka 1980 uzalishaji ukaanza Chittagong.

Kilichofuata hakikuwa katika hesabu za Daewoo wala za Desh. Mwaka 1981 Desh ilijitoa katika makubaliano yale na kuanza kujiuzia yenyewe, na katika miaka iliyofuata takriban 115 kati ya wale 130 waliiacha Desh, wengine wakafungua viwanda vyao, wengine wakaajiriwa na washindani. Kwa mwenye kampuni hiyo ilikuwa hasara, maana alikuwa amegharimia mafunzo ya wapinzani wake. Kwa nchi, ilikuwa ndiyo njia ambayo ujuzi wa Pusan ulifika katika mamia ya viwanda ambavyo Daewoo haikuwahi kuvikanyaga.

Pamoja na ushonaji ilikuja mbinu ya fedha, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na uzito kuliko mashine zote. Kiwanda kisicho na fedha za kigeni kiliweza kutumia ahadi ya malipo iliyotolewa na benki ya mnunuzi wa mashati kama dhamana ya kununulia kitambaa nje ya nchi, nacho kitambaa hicho kikaingia bila kutozwa ushuru na kuwekwa katika ghala linalosimamiwa na forodha hadi kitoke kikiwa nguo. Leo nguo huleta zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya Bangladesh ya bidhaa zinazouzwa nje. Hata hivyo, haki za wafanyakazi hazikusafiri kwa kasi hiyo: jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka mwezi Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa.

Ulinganishe na Lesotho, ambayo baada ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia huko bila ushuru, iliuza nguo nyingi sana Marekani. Viwanda vingi vilikuwa mali ya wawekezaji kutoka Taiwan, na nafasi za umeneja na usimamizi zilishikwa zaidi na wageni, huku oda zikipokelewa na makao makuu ng'ambo. Wasotho maelfu walipata mishahara, jambo ambalo si dogo, lakini waliopata nafasi ya kujifunza namna ya kuendesha kiwanda kizima walikuwa wachache.

SWALI: Je, nchi yenye ujuzi haiwezi kuuficha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Uingereza ilijaribu. Katika karne ya 18 ilitunga sheria za kuwazuia mafundi wake kuhamia nchi za nje na kukataza mashine za nguo zisisafirishwe. Mwaka 1789 Samuel Slater, kijana wa miaka 21 aliyejifunza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire, alipanda meli kwenda Marekani bila kujitambulisha kuwa fundi na bila kubeba mchoro wowote, na mwaka uliofuata mashine za kusokota alizozijenga kwa kumbukumbu zikawa zinafanya kazi Pawtucket, Rhode Island. Katazo la mafundi liliondolewa mwaka 1824, na lile la mashine mwaka 1843, wakati ambapo Wamarekani walikuwa wameshajifunza kuunda mashine zao wenyewe.