Angiografia haiioni kavenoma

Wengi huuliza: angiografia (picha ya mishipa ya damu iliyotiwa dawa) ikiwa safi, je, kavenoma iliyoonekana kwenye MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) haipo? Hapana, angiografia kuwa safi hakuifuti. Kavenoma ni kishada cha vishipa vya damu vilivyotanuka kama vishimo, ndani ya ubongo au uti wa mgongo. Damu ndani ya vishimo vyake hupita polepole mno na kwa shinikizo dogo, kwa hiyo dawa ya kung'arisha mishipa haijai humo kiasi cha kuonekana. MRI ndiyo kipimo chake, hasa zile picha zinazonasa mabaki ya chuma ya damu iliyovuja zamani. Nimekaa miaka chumba cha picha, na jambo hili huwachanganya hata madaktari wachanga.

Kavenoma wala si saratani. Takriban mtu 1 kati ya 200 anayo, wengi bila kujua. Ikiwa kimya, mara nyingi hufuatiliwa tu. Upasuaji huja ikivuja tena na tena, au ikileta kifafa kisichotulizwa na dawa, mradi iwe mahali panapofikika. Iliyo kwenye shina la ubongo ni kazi nyingine kabisa. Ya uti wa mgongo haisubiriwi sana ikishaanza kulegeza miguu, maana nafasi mle ni finyu. Mguu ukifa ganzi ghafla, hospitali usiku huohuo.