Kobe mgeni uani: majibu kwa familia za Phoenix na Tucson

Maswali haya yametoka kwa familia zilizokabidhiwa kobe wa jangwani kupitia mpango wa idara ya wanyamapori ya Arizona. Kobe hao wamezoea kufugwa, hawawezi tena kuachiwa porini.

Tangu afike wiki iliyopita hajala chochote, na watoto wakimbeba anajikojolea. Anaumwa?

Pengine haumwi, ana hofu tu. Kobe aliyehamishwa anaweza kususa chakula wiki moja au mbili. Lakini hilo la kubebwa likome leo. Kibofu chake ndiyo akiba yake ya maji. Akishtuka anaimwaga yote, na katika joto la Arizona hasara hiyo inaweza kumgharimu uhai. Waambie watoto wakae mbali kidogo wamtazame, naye atawazoea. Ikibidi kumhamisha, mshike kwa mikono miwili, chini chini, bila kumpindua, kisha nawa kwa sabuni, maana kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo. Asubuhi mwekee majani mabichi na sinia ya maji ya kina kifupi, halafu ondoka. Ukiona kamasi puani, macho yamevimba au anahema mdomo wazi, usingoje: mpeleke kwa daktari wa mifugo anayetibu kobe.

Tumemwekea sanduku la plastiki kama nyumba. Haingii, anazunguka ukutani mchana kutwa.

Ana haki ya kulikataa, plastiki juani ni tanuri. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 na zaidi, na mnyama huyu huyapita majira kama hayo kwa kukaa chini ya ardhi. Mchimbieni shimo. Pembeni jengeni kwa matofali ya saruji, juu mwezeke kwa mbao nene, kisha mrundike udongo mwingi. Mlango usitazame jua la alasiri, wala maji ya mvua yasiingie. Kuzunguka ukutani ni kujua mipaka ya uwanja, kutapungua. Ila kama uzio ni wa wavu, zibeni sehemu ya chini kwa mbao. Akiona nje atasukuma bila kuchoka. Na kama kuna bwawa la kuogelea, liwekeeni uzio kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kobe huyu hajui kuogelea.

Mama mkwe anampa ugali na mabaki ya nyama. Nimwambieje?

Mwambie kwa heshima kwamba tumbo la kobe huyu ni la nyasi. Ale nyasi zisizopuliziwa dawa, maua ya hibiskasi na dungusi kakati iliyotolewa miiba. Mkabidhi mama kazi ya kuandaa hayo. Anayependa kulisha hakosi furaha akipewa chakula sahihi cha kulishia.

Mbwa wetu ni mpole. Wakae pamoja?

Hapana. Hata mbwa mpole hulitafuna gamba la kobe kama mfupa.

Tukihamia jimbo lingine?

Kobe habebwi kuvuka mpaka wa Arizona, sheria inakataza. Msimwachie jangwani pia, kwani aliyefugwa anaweza kupeleka maradhi ya njia ya hewa kwa wenzake wa porini. Wasilianeni na mpango uliowakabidhi mapema, apatiwe familia nyingine kabla hamjafunga mizigo.